Gari Lisilotembea Nalo Linahitaji Chakula: Namna ya Kuchagua Chaja ya Kutunza Betri

(Mada iliyotolewa na mratibu wa miradi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika kutoka wilaya za Karagwe na Kyerwa, wakiwepo pia wageni wanaotufadhili.)



Tumeombwa tuzungumze juu ya utunzaji wa magari ya miradi. Wengi mlitegemea tuzungumzie matairi, dizeli na barabara zetu wakati wa masika. Hayo tumeyazungumza mara nyingi, na taarifa za robo mwaka zimejaa habari hizo. Leo tunaomba tuzungumzie gari ambalo halitembei. Tunalo gari la wagonjwa linalosubiri dharura, gari la mradi ambao fedha zake zimekwisha, pikipiki ya mhamasishaji aliye masomoni, na jenereta ya zahanati inayowashwa pale tu umeme unapokatika. Vyote hivi vina jambo moja vinavyofanana: betri inayokufa polepole bila mtu kuona.

Kisa chetu wenyewe

Tuanze na kosa letu, maana si vizuri kufundisha wengine huku tukificha la kwetu. Usiku mmoja wa mvua, upande wa Kyerwa, tulipigiwa simu kuhusu mama aliyekuwa na uchungu wa kuzaa tangu asubuhi. Gari lilikuwepo. Tangi lilikuwa na mafuta, matairi yalikuwa mazuri, dereva alifika ndani ya dakika kumi. Akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikafifia, ikasikika tik, tik, tik, kisha kimya.

Gari hilo lilikuwa limekaa wiki tano bila kuwashwa. Majirani walitoka kwenye migomba yao na mienge ya simu kuja kusukuma, lakini uwanja ulikuwa tambarare na wenye matope, gari likawa linateleza tu. Mwishowe mfanyabiashara mmoja wa kahawa alileta pikapu yake, tukaunganisha nyaya kutoka betri yake hadi yetu, gari likawaka. Ilikuwa imepita saa moja na robo. Tunamshukuru Mungu kwamba mama yule alifika na akajifungua salama. Lakini ile saa moja na robo haikuwa ya mvua wala ya barabara. Ilikuwa yetu.

Kesho yake tulifanya kama ilivyo desturi: tukanunua betri mpya. Miezi kumi na sita baadaye tukanunua nyingine. Ndipo rafiki mmoja mfadhili alipotuuliza swali la upole ambalo lilituumiza: "Gari hili halitembei kilometa nyingi, mbona linakula betri kuliko yale yanayotembea kila siku?" Mada hii ni jibu la swali hilo.

Kwa nini betri hufa ikiwa imekaa

Betri ya gari ya risasi na tindikali ilibuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859, na hadi leo kanuni yake ni ile ile. Ndani yake kuna mabamba ya risasi yaliyozama katika tindikali. Betri inapotoa umeme, chumvi ya risasi hujengeka juu ya mabamba. Ukiichaji mapema, chumvi hiyo huyeyuka na kurudi ilikotoka. Ukiiacha wiki nyingi bila chaji ya kutosha, chumvi hiyo huwa ngumu na kuganda, na sehemu ile ya bamba haifanyi kazi tena. Kwa hiyo betri iliyokaa tupu miezi miwili si sawa na ndoo tupu unayoweza kuijaza tena. Inafanana zaidi na ndoo iliyojaa saruji iliyokauka.

Sasa, umeme unakwenda wapi wakati gari limezimwa? Unakwenda sehemu mbili. Kwanza, betri yenyewe hupoteza kiasi kidogo kila mwezi hata ikiwa juu ya rafu dukani. Pili, gari lililozimwa halijalala kabisa. Saa, redio inayotunza kumbukumbu, kengele ya wizi, kompyuta ya injini, redio ya mawasiliano, vyote hunyonya kidogo kidogo. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali.

Tufanye hesabu pamoja. Chukueni gari linalonyonya miliampea 30, kiasi ambacho ni cha kawaida. Kwa saa 24 ni ampea-saa 0.72. Kwa siku 35, yaani zile wiki tano zetu, ni zaidi ya ampea-saa 25. Betri yetu ilikuwa ya ampea-saa 70. Zaidi ya theluthi moja ilikwisha bila gari kusogea. Ongezeni kile inachopoteza yenyewe, na ongezeni kwamba haikuwa imejaa tangu mwanzo kwa sababu safari zake za mwisho zilikuwa fupi. Injini ya dizeli inahitaji nguvu nyingi kuizungusha. Hapo mnaona kwamba kilichotupata usiku ule hakikuwa bahati mbaya. Kilikuwa hesabu.

Wala tatizo hili si la Karagwe peke yake. ADAC, chama cha wenye magari cha Ujerumani, hutoa taarifa kila mwaka juu ya sababu za magari kukwama, na katika miaka ya karibuni betri imekuwa ya kwanza, ikichukua zaidi ya wito 4 kati ya 10. Tofauti ni kwamba kule fundi hufika barabarani. Kwetu anafika mwenye pikapu, akiwepo.

Pima kwanza, usikisie

Kabla ya kununua chochote, kila kamati iwe na mita ndogo ya kupimia volti. Ni kifaa cha bei nafuu kinachopatikana kwa wauza vifaa vya umeme. Pimeni gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, asubuhi kabla ya kuliwasha. Kwa betri ya kawaida ya volti 12, someni hivi:

Volti 12.6 au zaidi: imejaa.
Volti 12.4: imebaki karibu robo tatu. Hapa ndipo pa kuchaji.
Volti 12.2: imebaki nusu. Mmechelewa.
Volti 12.0 au chini: inaharibika wakati mnasoma namba.

Betri ikiwa tayari imeharibika, hakuna chaja itakayoifufua. Chaja ya kutunza ni kama lishe ya mtoto mwenye afya. Mgonjwa mahututi anahitaji matibabu mengine.

Njia tatu tulizozizoea na kasoro zake

Njia ya kwanza ni kuwasha gari dakika tano kila Jumamosi. Madereva wengi hufanya hivi kwa nia njema. Lakini kuwasha injini kwenyewe hutumia umeme mwingi kwa muda mfupi, na injini ikiunguruma polepole dakika tano hurudisha pengine kile tu kilichotumika kuiwasha. Kile kilichonyonywa wiki nzima hakirudi. Kama mnataka gari lijichaji lenyewe, litembee. Safari ya karibu saa moja barabarani inafaa, lakini hiyo ni dizeli, na kila wiki ni gharama.

Njia ya pili ni kuchomoa waya wa upande hasi wa betri. Hii ni njia nzuri na haina gharama. Inazuia unyonyaji wa vifaa vya gari, ingawa haizuii ule wa betri yenyewe. Inafaa kwa gari la mradi uliosimama kwa miezi kadhaa. Haifai kwa gari la wagonjwa, kwa sababu saa nane za usiku hakuna anayetaka kutafuta spana. Mlipuko wa Marburg uliotangazwa mkoani kwetu Machi 2023 katika wilaya ya Bukoba Vijijini, na mwingine Januari 2025 wilayani Biharamulo, ulitukumbusha kwamba dharura haiweki miadi.

Njia ya tatu ni chaja ya zamani, lile sanduku zito lenye mshale, kama za mafundi wanaochaji betri sokoni. Chaja hiyo inajua kusukuma umeme, haijui kuacha. Ukiiacha imeunganishwa wiki nzima inachemsha maji ya betri, mabamba yanabaki wazi, betri inakufa kwa kushiba badala ya njaa. Tumeona betri ya jenereta ikifa hivyo, na aliyeiacha alidhani anaitunza.

Chaja ya kutunza ni tofauti. Inachaji hadi karibu volti 14.4, kisha inashuka yenyewe hadi kati ya volti 13.2 na 13.6 na kubaki hapo, ikirudisha tu kile kinachopotea. Inaweza kukaa imeunganishwa miezi mingi. Haba na haba hujaza kibaba. Mkienda dukani, ulizeni swali hili kabla ya bei: "Ikijaa, inafanya nini?" Muuzaji akijibu kwamba lazima uichomoe, hiyo si chaja ya kutunza.

Maswali sita kabla ya kununua

Swali la kwanza: umeme wenu unatoka wapi? Gari linalolala karibu na soketi ya TANESCO linahitaji chaja ya umeme wa kawaida. Gari linalolala mahali pasipo na umeme wa uhakika linahitaji sola, tutakayoieleza baadaye. Msinunue kwanza mkatafuta soketi baadaye.

Swali la pili: umeme ukikatika na kurudi, chaja inaendelea yenyewe? Hili halitajwi sana katika vitabu vya nje, lakini kwetu ndilo la msingi. Chaja nyingi za kisasa zenye vitufe, umeme ukirudi, husubiri mtu abonyeze tena. Taa yake inawaka, kila mtu anadhani inafanya kazi, kumbe imesimama tangu umeme ulipokatika Jumanne. Jaribuni pale pale dukani: iunganisheni na betri, chomoeni waya ukutani, rudisheni, mtazame. Isipoendelea yenyewe, iacheni.

Swali la tatu: inakubali volti za kwetu? Umeme wetu ni volti 230. Marafiki zetu wa Marekani hutumia volti 120, na chaja iliyoletwa kutoka kule kwa moyo mwema inaweza kuungua siku ya kwanza. Someni maandishi nyuma ya chaja. Kama imeandikwa 100 hadi 240, ni salama. Zile za Ulaya zinakubali volti zetu, ila plagi yake ni ya duara. Badilisheni plagi kabisa iwe ya meno matatu badala ya kutumia adapta inayolegea. Wekeni pia kifaa cha kulinda umeme, kama kile cha friji, kwa sababu umeme ukirudi mara nyingine huja na nguvu kupita kiasi.

Swali la nne: betri yenu ni ya aina gani na ya volti ngapi? Ziko betri za vifuniko zinazoongezwa maji, ziko zilizofungwa, na ziko za AGM na za jeli, ambazo kila moja ina kiwango chake cha volti. Chaja nzuri ina sehemu ya kuchagua aina. Kwa magari ya dizeli kuweni waangalifu zaidi: baadhi yana betri mbili. Katika mengine zimeunganishwa zibaki volti 12, katika mengine zifanye volti 24. Kwa macho tu ni rahisi kukosea. Fundi apime na aandike jibu kwa rangi ndani ya boneti.

Swali la tano: ampea ngapi? Kwa kutunza tu betri iliyojaa, ampea 1 inatosha hata kwa gari kubwa. Mkitaka chaja ile ile iweze pia kujaza betri iliyoshuka, chukueni ya ampea 4 hadi 7, nayo itachukua usiku mmoja au zaidi. Pikipiki ni habari nyingine. Betri yake ni ndogo, mara nyingi chini ya ampea-saa 10, na chaja kubwa ya gari itaichemsha. Kanuni rahisi ni kwamba ampea za chaja zisizidi sana moja ya kumi ya ampea-saa za betri.

Swali la sita: ina kinga ya makosa yetu? Siku moja mtu atabadilisha waya chanya na hasi gizani. Chaja nzuri itakataa kufanya kazi na kuwasha taa nyekundu. Chaja mbaya itatoa cheche. Tununue tukijua kwamba sisi ni binadamu.

Mahali pasipo na umeme

Kwa vituo vilivyo mbali na nguzo za umeme, paneli ndogo ya sola inatosha, na wengi hushangaa udogo wake. Paneli ya wati 10, ikipata jua zuri kwa saa nne, inatoa kama ampea-saa 2 kwa siku baada ya kutoa hasara. Mnakumbuka gari letu lilinyonya 0.72 kwa siku. Kwa hiyo wati 10 zinatosha na kubaki akiba ya siku za mawingu. Ya wati 5 itatosha kiangazi, lakini katika mvua za Novemba au Aprili itakuwa imebana.

Zingatieni mambo matatu. Paneli ipitie kidhibiti chaji, hasa ikizidi wati 5, ili isizidishe mchana na isirudishe umeme nyuma usiku. Iwekwe juani, maana tumeona paneli nzuri iliyofungwa juu ya gari lililoegeshwa chini ya mwembe. Na waya uunganishwe kwenye betri yenyewe kwa kupitia fyuzi, kwa sababu soketi ya kuwashia sigara katika magari mengi hukatika ufunguo unapozimwa.

Usalama

Betri inapochajiwa hutoa gesi inayoweza kulipuka. Kwa hiyo chajini mahali penye hewa, pasipo sigara, kibatari wala jiko la mkaa. Unganisheni vibanio kwenye betri kwanza, kisha ndipo muwashe umeme ukutani. Wakati wa kutoa, zimeni ukutani kwanza. Betri za vifuniko ziongezwe maji ya betri tu. Maji ya kisima yana chumvi, na tindikali haiongezwi na mtu asiye fundi. Tindikali ikimrukia mtu, aoshwe kwa maji mengi papo hapo na apelekwe kituo cha afya. Betri zilizokufa zisivunjwe nyuma ya nyumba wala kumwagwa karibu na migomba na visima. Risasi ni sumu, na watoto ndio wanaoumia kwanza. Zikabidhiwe kwa wanunuzi wa betri chakavu wenye kibali.

Mtu na daftari

Ndugu wajumbe, tumezungumza juu ya vifaa, lakini tungependa mkumbuke jambo moja kuliko yote. Chaja bila mtu ni mapambo. Baada ya kisa chetu tulinunua chaja nzuri. Mwezi wa pili tuliikuta imechomolewa, soketi inachaji simu nne. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Hakuna tu aliyekuwa amepewa kazi hiyo.

Tangu hapo tunafanya hivi. Kila gari lina mtu mmoja anayetajwa kwa jina katika muhtasari wa kikao, na msaidizi wake. Kila Jumatatu asubuhi anapima volti na kuandika namba katika daftari linalokaa ndani ya gari: tarehe, volti, sahihi. Ikiwa 12.4 au chini, anapiga simu siku hiyo hiyo. Soketi ya chaja imeandikwa kwa rangi "BETRI TU". Waya wa chaja unaning'inizwa juu ya usukani ili dereva asiondoke nao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na betri ni mali.

Gari lile lile la Kyerwa sasa liko mwaka wa nne na betri moja. Hatukufanya muujiza. Tulipima, tukachagua, tukamtaja mtu.

Kwa marafiki zetu wafadhili

Tunawashukuru kwa magari mliyotupatia. Ombi letu ni dogo. Mnapopanga bajeti ya gari, pamoja na bima na matairi, wekeni mstari mmoja wa chaja ya kutunza betri, mita ya volti na, inapobidi, paneli ya sola. Kwa kawaida bei ya chaja hiyo haizidi bei ya betri moja ya gari la dizeli. Na mnapotembelea mradi, msitazame tu kama gari limeoshwa. Ombeni kuona daftari la Jumatatu.

Nanyi wajumbe wa kamati, tunaomba kila mmoja arudi nyumbani na kazi moja. Kesho asubuhi, kabla ya gari kuwashwa, pimeni volti na kuandika. Namba hiyo itawaambia kama usiku mkipigiwa simu mtaondoka na mgonjwa, au mtaanza kusukuma.